Jalada la Mgonjwa Likihamia Wingu: Mjadala wa Sauti Tatu

Hifadhi ya wingu ni utaratibu ambapo taasisi hukodi nafasi katika seva, yaani kompyuta kubwa zinazowaka usiku na mchana kuhudumia kompyuta nyingine, na kuzifikia kwa njia ya intaneti badala ya kununua mashine zake na kuzitunza yenyewe. Kila faili linalowekwa humo limekaa kwenye diski, ndani ya jengo lenye anwani, chini ya sheria za nchi fulani na mikononi mwa wafanyakazi wasiomjua mgonjwa ambaye habari zake wanazilinda. Kwa hospitali za Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia tena. Mfumo wa OpenMRS, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, ulianza kujengwa mwaka 2004 kwa kuzingatia, pamoja na mengine, mahitaji ya kliniki za Eldoret, magharibi mwa Kenya, na vituo vya umma vya Tanzania vinatumia GoTHoMIS, mfumo uliobuniwa serikalini kusimamia shughuli za hospitali na zahanati. Linalobaki kubishaniwa ni mahali pa kuziweka nyaraka zenyewe: majibu ya maabara, barua za rufaa, picha za eksirei, fomu za ridhaa na maelezo ya daktari.

Mjadala unaofuata unakutanisha misimamo mitatu inayosikika kila hospitali inapotaka kuhamisha majalada yake, ambayo ni wa mhandisi wa mifumo, wa mwanasheria wa taarifa binafsi, na wa muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo, ile iitwayo CTC, ambako watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI huchukua dawa zao. Wasemaji hawakupewa majina kwa kuwa kila mmoja anabeba hoja za wengi.

MHANDISI: Anayeliogopa wingu ni vema aanze kwa kuikagua masjala ya hospitali ya kawaida ya wilaya, ambako majalada ya manila yamepangwa kwenye rafu kwa namba, mengine yamefungwa kwa kamba kwa kuwa yamejaa kupita kiasi, mengine yameliwa kingo na mchwa au yameshikamana kwa unyevu wa paa lililovuja masika iliyopita. Jalada likikosekana, mgonjwa hufunguliwa jipya, na mzio wake wa penisilini, upasuaji wake wa zamani na kipimo chake cha mwaka juzi hubaki katika lile la kwanza lisiloonekana. Hospitali iliyojinasua hapo kwa kununua seva moja na kuiweka chini ya meza ya mhasibu haijafika mbali. Umeme ukikatika na betri ikiisha, mfumo huzimika. Diski ikifa, hakuna nakala rudufu, yaani nakala ya pili inayotunzwa mahali pengine. Na masahihisho ya usalama yanayotolewa na watengenezaji wa programu hukaa miezi bila kusakinishwa, kwa sababu afisa TEHAMA ni mmoja na ndiye pia anayetengeneza printa.

Kumiliki seva si kinga, na Finland ilijifunza hilo kwa uchungu. Vastaamo, kampuni iliyokuwa na vituo vingi vya tiba ya saikolojia nchini humo, ilitunza maelezo ya wagonjwa katika kanzidata yake yenyewe, na uchunguzi ukabaini kwamba kanzidata hiyo iliwahi kuachwa wazi kwa intaneti ilhali akaunti kuu ya kuiendesha haikuwa na nywila. Mwaka 2020 mdukuzi aliidai kampuni sarafu 40 za bitcoin, na alipozikosa akawageukia wagonjwa mmoja mmoja kwa barua pepe, akitaka yuro 200 ndani ya saa 24, la sivyo yale waliyomweleza mtaalamu wao faraghani yangeanikwa hadharani. Walioathirika walizidi 30,000. Mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro 608,000 mwishoni mwa mwaka 2021, wakati ambapo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha filisika.

MWANASHERIA: Habari ya masjala inakubalika, lakini ndugu mhandisi ameuruka ukubwa wa windo. Mwizi wa karatasi huondoka na majalada anayoweza kuyabeba. Februari 2024 wahalifu waliingia katika mifumo ya Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha madai ya malipo ya matibabu kati ya watoa huduma na bima, kwa kutumia nywila ya wizi katika lango ambalo halikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani utaratibu wa kumdai anayeingia kitu cha pili zaidi ya nywila, kama vile namba inayotumwa kwenye simu yake. Kampuni ililipa dola milioni 22 za kikomboleo, na hesabu ya walioguswa ikafikia watu wapatao milioni 190. Hakuna masjala duniani inayoweza kuvujisha habari za umati kama huo kwa kosa la mlango mmoja, na kadiri hospitali nyingi zinavyokusanyika kwa mtoa huduma mmoja, ndivyo mlango huo mmoja unavyozidi kuwa na thamani kwa mhalifu.

Kisha kuna sheria. Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, sheria yake ikianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya zimewekwa katika kundi linalotaka ulinzi mkali kuliko jina au anwani. Sheria ya Tanzania inamtenganisha mkusanyaji, anayeamua taarifa zichukuliwe kwa nini na kwa namna gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake. Hospitali ni mkusanyaji, kampuni ya wingu ni mchakataji, na hospitali haiwezi kujivua wajibu kwa kuonyesha risiti ya malipo ya kila mwezi. Rwanda imekwenda mbali zaidi, kwa kuagiza taarifa binafsi zihifadhiwe nchini humo isipokuwa pale mamlaka husika inapotoa idhini. Tahadhari hiyo ina sababu: sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act inaziwezesha mamlaka za nchi hiyo kuidai kampuni ya Kimarekani data iliyo chini yake hata kama diski ziko bara jingine. Mgonjwa wa Musoma au Kisii hajawahi kuulizwa kama anaridhia hilo.

MHANDISI: Wakili msomi anazungumza kana kwamba mpaka wa nchi ni ukuta wa moto. Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu uliteketeza sehemu ya kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon; mifumo 647 ikazimika, na hifadhi ya pamoja ya watumishi wa umma iitwayo G-Drive ikapotea na terabaiti zake 858, kwa kuwa haikuwa na nakala nje ya jengo lile. Data ile ilikuwa ndani ya nchi, chini ya sheria ya nchi, mikononi mwa serikali yenyewe. Estonia, baada ya mifumo yake kushambuliwa mwaka 2007, ilichagua njia nyingine, kwa kukubaliana na Luxembourg mwaka 2017 kuweka huko seva zenye nakala za sajili zake muhimu na kuzipa kinga kama ya ubalozi, ili zikae ng'ambo lakini zibaki chini ya mamlaka ya Estonia. Kinachookoa kumbukumbu ni nakala zilizo mbalimbali, na sheria inayozuia nakala ya pili isitoke nje ya mji mmoja inaziweka rehani kumbukumbu zilezile inazotaka kuzilinda.

MWANASHERIA: Na kebo ikikatika? Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Daktari aliye na mgonjwa mezani hawezi kungoja meli ya mafundi ifike baharini.

MHANDISI: Hawezi, na ndiyo maana hospitali inayojipanga hubaki na nakala ya kazi papo hapo, ikaitumia mtandao unapolala na kuilinganisha na ya wingu unapoamka. Wingu lisiwe nyumba pekee ya jalada.

Mwandishi aingilie kidogo hapa: pande mbili hizi zimepima umbali tu, yaani jengo liko wapi, sheria ya nani inalitawala na kebo ipi inalifikia. Umbali una uzito wake, lakini swali linaloamua mengi zaidi ni la ufunguo, na inasikitisha kwamba mikataba mingi hulipitia juu juu. Usimbaji ni mbinu ya kuyageuza maandishi au picha kuwa mchanganyiko wa alama usiosomeka, kwa kutumia namba ndefu ya siri iitwayo ufunguo. Kanuni ya AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa nchini Marekani kuwa kiwango rasmi mwaka 2001, haijapata kuvunjwa hadharani pale inapotumika kikamilifu na ipasavyo. Kampuni kubwa za wingu husimba mafaili yanaposafiri katika intaneti na yanapolala kwenye diski, na hulitangaza hilo kwa fahari. Lakini katika mpangilio wa kawaida ufunguo hutunzwa na kampuni ileile inayotunza faili. Usimbaji wa namna hiyo humzuia mwizi wa diski, ila haumzuii aliyeiba nywila ya msimamizi wa hospitali, wala hauizuii amri ya mahakama ya ng'ambo. Katika usimbaji wa upande wa mteja, faili husimbwa ndani ya hospitali kabla ya kutoka, ufunguo haupandi wingu kamwe, na mwenye seva hubaki na kitu asichoweza kukisoma hata akilazimishwa.

MHANDISI: Haki itendeke kwa pande zote: njia hiyo inafaa kwa nyaraka zinazotunzwa, kama picha zilizoskaniwa, barua na majibu yaliyokwisha tolewa, kuliko kwa mfumo hai unaotafuta, kuhesabu na kutoa ripoti kila dakika, kwa kuwa seva haiwezi kuhesabu isichokisoma. Tena ufunguo ukipotea, nyaraka zimepotea kabisa, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Mwaka 1979 mwanahisabati Adi Shamir wa Israeli alichapisha njia ya kuigawa namba ya siri katika vipande, tuseme vitano, ambapo vitatu vyovyote vikikutana namba hurudi kamili, lakini viwili havifichui chochote. Mganga mkuu, mfamasia, katibu wa afya, afisa TEHAMA na mwakilishi wa bodi wakishika kipande kimoja kimoja, hakuna anayeweza kufungua ghala peke yake, na kifo au uhamisho wa mmoja hauifungii hospitali nje.

MUUGUZI: Mabishano ya Daejeon na Luxembourg yana maana yake, lakini mama anayefika kliniki amejitanda kanga hadi usoni hamwogopi mdukuzi wa ng'ambo. Anamwogopa wifi yake anayefanya kazi pale mapokezi, na jirani anayefagia korido, na mwalimu wa mtoto wake anayengoja kwenye benchi la kliniki ya meno. Kwa hofu hiyo wapo wanaopanda basi hadi wilaya nyingine kuchukua dawa, wakilipa nauli ya siri kila tarehe ya kurudi, na nauli ikikosekana dozi hukatika. Mfumo wowote utakaojengwa upimwe kwanza kwa swali la mama huyo: nani wa hapa anaweza kulifungua jalada lake?

Wazee wa mifumo nao waione kliniki ilivyo saa 2 asubuhi, foleni ikiwa imefika getini. Kompyuta ni moja, na nywila ya zamu nzima imeandikwa kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa chini ya skrini, kwa sababu kumfungulia muuguzi mpya akaunti yake kunahitaji barua ipande hadi juu na majibu yashuke, huku wagonjwa wakingoja leo. Aliyehamishwa mwaka jana bado ana akaunti iliyo wazi. Mtandao ukiwa mzito, fundi wa maabara huyapiga picha majibu kwa simu yake na kuyatuma kwa daktari kwa WhatsApp, jina la mgonjwa na namba yake vikiwa juu ya karatasi, na hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya ili mgonjwa apate dawa kabla ya gari la mwisho. Ila simu hiyo imewekwa mpangilio wa kunakili picha zote kwenye akaunti yake binafsi, na akaunti hiyo iko wazi pia katika simu aliyomwachia mwanawe nyumbani. Basi hospitali inayojisifu kwamba imelikataa wingu imekwisha peleka nyaraka zake huko, bila mkataba, bila ufunguo wake na bila kujua ngapi.

Hapa muuguzi ameligusa jambo ambalo mjadala wa majengo na mipaka ulilikwepa, na uamuzi wa mwandishi wa makala haya unaelemea upande wake. Uvujaji unaoumiza maisha ya mtu mara nyingi huanzia kwa mwenye idhini. Singapore ni nchi yenye uwezo mkubwa wa kiteknolojia, lakini Januari 2019 wizara yake ya afya ilitangaza kwamba habari za watu 14,200 waliopimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI, pamoja na majina, namba za vitambulisho na anwani zao, zilikuwa zimeanikwa mtandaoni na mwenza wa daktari aliyewahi kuongoza kitengo cha kitaifa cha afya ya jamii na kuwa na ruhusa halali ya kuifungua sajili hiyo. Hakuna ukuta uliobomolewa. Kuanzia mwaka 2016 wizara hiyo ilikuwa imekwisha weka utaratibu wa kutaka idhini ya watu wawili kabla ya sajili kupakuliwa na kusimbuliwa, lakini nakala iliyokwisha toka hairudi.

MWANASHERIA: Kenya nayo ilikaribia shimo hilo kwa njia ya amri rasmi. Februari 2015 rais aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, kwa fomu iliyounganisha jina na hali ya afya. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na haki ya mtoto ya kutangulizwa maslahi yake, ikaelekeza majina yawekwe kwa alama, yasiunganishwe na hali ya wahusika. Nia ya agizo lile ilikuwa kupanga huduma. Madhara yangetokana na orodha yenyewe kuwepo.

MUUGUZI: Jambo hilo kliniki inalijua kwa mkono. Mgonjwa wa CTC ana namba inayojengwa kwa tarakimu za mkoa, wilaya, kituo na zake mwenyewe, na nyaraka zingeweza kupanda wingu kwa namba hiyo tu, huku orodha inayofungamanisha namba na majina ikibaki kituoni chini ya ulinzi tofauti. Aliyeiba upande mmoja hajapata mtu, amepata namba.

MHANDISI: Hilo linawezekana, na lina jina: kutenganisha utambulisho. Litahitaji pia kumbukumbu za uingiaji, yaani daftari ambalo mfumo wenyewe huandika nani amefungua jalada lipi, saa ngapi na kutoka kompyuta gani, na ambalo hata msimamizi hawezi kulifuta. Lakini daftari hilo litasema nini ikiwa zamu nzima inatumia nywila moja? Litaandika kwamba "zamu" ilifungua. Hivyo kazi ya kwanza ya fedha za mradi iwe kumpa kila mtumishi akaunti yake siku ya kuripoti kazini na kuifunga siku ya kuondoka, kazi isiyopendeza kwenye uzinduzi, lakini bila hiyo usimbaji wote unalinda mlango ambao ufunguo wake umening'inizwa nje. Baada yake ifuate njia rasmi ya kutuma majibu ya maabara iliyo nyepesi kama WhatsApp, la sivyo picha zitaendelea kupigwa.

MUUGUZI: Na daftari hilo asomewe nani?

Estonia ilijibu swali hilo zamani: kupitia lango la mgonjwa la mfumo wa afya wa taifa, mtu hujitambulisha kwa kitambulisho chake cha kielektroniki, akaona nyaraka zake na orodha ya walioziangalia, na akitilia shaka jina fulani anaweza kudai maelezo. Kwa njia hiyo mgonjwa anakuwa mkaguzi wa jalada lake, na mtumishi mdadisi anajua anaonekana. Huo ndio ulinzi ambao mama mwenye kanga angeuelewa bila kufundishwa neno moja la usimbaji.

MWANASHERIA: Sheria za nchi hizi zinampa mwenye taarifa haki ya kuzipata zile zinazomhusu, na inafaa haki hiyo itafsiriwe kwa upana ili ijumuishe majina ya waliozifungua. Kifungu hicho kiandikwe ndani ya mkataba wa wingu, kikiambatana na wajibu wa mchakataji kutoa daftari zima akiombwa, na kuzirudisha nyaraka katika muundo unaosomeka na kuzifuta kwake mkataba unapokwisha.

MUUGUZI: Kifungu ni chema, ila lango la Estonia halihamishiki lilivyo. Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo iko mfukoni mwa mume. Ujumbe mfupi wa kumkumbusha mke tarehe ya kliniki umekwisha vunja ndoa. Namba ya siri ya kufungulia lango ikitumwa kwenye simu hiyo, itasomwa na asiyestahili kabla ya mwenyewe. Orodha ichapishwe kliniki, mgonjwa aiombe akiwa peke yake na mtoa ushauri, aisome, airudishe, asilazimike kuibeba kwenda nayo nyumbani. Tena kuna kijana wa miaka 14 aliyezaliwa na virusi, anayemeza dawa kila usiku akiambiwa ni za kifua, kwa kuwa mzazi bado anatafuta nguvu za kumweleza. Jalada lake linafunguliwa kwa ufunguo wa nani, wa mama yake au wake?

MWANASHERIA: Kwa sasa ni wa mama, kwa kuwa sheria humtambua mzazi kuwa msemaji wa mtoto. Lakini hukumu ya mwaka 2016 ilipima kwa maslahi ya mtoto, si kwa mamlaka ya mkubwa, kwa hiyo mkataba hauwezi kunyamaza. Uweke umri ambao kijana ataanza kuliona jalada lake, uamue nani atakaa naye siku hiyo, na wauguzi wa kliniki waulizwe umri huo kabla mhandisi hajauandika kwenye mfumo.